Jina la Magesa Juu ya Kila Faili

Jumapili, 9 Novemba

Kaka Magesa,

Mvua imeacha saa ya chakula cha mchana. Mawe nyuma ya nyumba yanatoa mvuke, na mama ameanika tena godoro ambalo halikulowa. Siku hizi mama anaanika kila kitu.

Leo nimefanya kosa kubwa, na nimelirekebisha.

Programu yako ya mizigo bado inafanya kazi. Mtu akipakia kiroba kwenye meli kule Nansio, ndugu yake huku Mwanza anapata ujumbe kabla meli haijafika. Lakini wenye mizigo wamepata fundi mpya, wa Misungwi, na kesho anapokea kila kitu. Kwenye simu alisema kwa adabu, ila alisema: "Dada, nisipoelewa nani aliandika nini na kwa nini, nafuta, naanza upya."

Faili zako ni nyingi na karibu zote hazina maelezo. Ulikuwa unaniambia maelezo yapo kichwani mwako. Umeondoka nayo.

Kwa hiyo nimetengeneza kijiprogramu. Hakina picha wala vitufe. Naandika amri moja kwenye dirisha jeusi, kinapita faili moja moja, na juu ya kila kipande cha msimbo ulioandika kinaweka maelezo: kinapokea nini, kinatoa nini, nani alikiandika.

Asubuhi nikakiendesha. Kila mahali kikaandika: mwandishi, Leah.

Leah ni mimi.

Nilibaki natazama. Siku ya kuanua matanga, nguo zako ziligawanywa. Baba mdogo alichukua koti, mimi nikapewa kompyuta. Jioni ileile nikabadilisha jina la mwenye kompyuta, kama mtu anavyopunguza mikono ya shati alilorithi. Kijiprogramu kilisoma jina hilo tu.

Wifi Rehema, mkeo, akapita na beseni la nguo, akachungulia.

"Mh, wifi! Nguo zake ulisema hazikutoshi. Kumbe ulikuwa unasubiri jasho lake?"

"Ni mashine, wifi."

"Mashine si umeiagiza wewe? Irudishe jina la mume wangu."

Alicheka, kisha hakucheka tena. Akaenda kuanika barazani.

Nikarudisha faili zilivyokuwa jana, nikaanza upya. Sasa kijiprogramu hakiulizi kompyuta ni ya nani. Kinafuata historia ya kazi, nani alihifadhi nini na lini, kinamtafuta aliyeandika mstari ule mara ya kwanza. Kabla ya kugusa faili kinanionyesha kitakachoandika, halafu kinasubiri niseme ndiyo. Kisipojua, kinaandika "haijulikani". Hakibuni. Na kikikuta maneno ya mtu, kinayaacha kama yalivyo.

Hilo la mwisho nililiweka kwa sababu ya mstari wako mmoja, kwenye faili ya ujumbe: "Hapa nilikwama. Nikaenda kula sato, nikarudi, nikaona."

Nilikuwepo. Umeme ulikuwa umekatika, nikakushikia tochi ya simu mpaka mkono ukafa ganzi. Sato ulinibakishia kichwa.

Alasiri nikamwita wifi. Nikajibu ndiyo. Faili zikaanza kupita: mwandishi, Magesa. Magesa. Magesa. Wifi alisoma kwa sauti, kama anamwita mtu aliye ng'ambo. Zilipoisha akafuta uso kwa khanga.

"Na wewe mbona hujajiweka?"

"Mimi sikuandika, wifi."

"Si umehangaika tangu asubuhi? Jiweke, acha kujifanya."

Nikajiweka mara moja tu, chini kabisa ya faili ya mwisho: maelezo yamewekwa na Leah, mdogo wake.

Kesho nampelekea fundi kwa mkono wangu. Akiuliza nisichokijua, nitakaa chini nijifunze, kisha nitamjibu. Kufuta, hafuti.

Kaka, huko uliko, nikumbuke na mimi, niliyekushikia tochi.