Mkeka Ulioishia Magotini

Jumatatu, 6 Juni 1949
Chai bila sukari. Mundu nimenoa. Tabora nzima hakuna fundi wa mikeka ya ndago kunishinda.
Uongo. Mimi nakata tu. Msukaji ni mke wangu, Mama Mwajuma, naye kalala, miguu imevimba kama mitungi. Anasuka hapo hapo kitandani. Mkeka wa kuzikiwa. Kasema: "Mzee wangu, usinizike na mkeka wa dukani." Nikamwambia afe polepole, nina kazi nyingi. Kacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 8 Juni
Nikimpimia mkeka, unaishia magotini. Ndago zimekwisha. Kesho mbugani, kwenye majimaji nyuma ya Itetemia, nikakate nyingine.

Alhamisi, 9 Juni
Maji yapo, vyura wapo, ndago hakuna. Pale nilipokata mwaka jana pana visiki vyeusi, vinanuka.
Nimemwambia mke wangu ni mfereji wa Serikali umeharibu mbuga. Majirani wakawalaani Waingereza mpaka magharibi. Nami nikalaani. Tena kwa sauti.

Jumapili, 12 Juni
Hapa hasomi mtu, basi niseme. Ndago hukatwa juu ya maji, kisiki kibaki kinapumua. Hata mtoto anajua. Mwaka jana nilizamisha mundu mpaka kwenye tope, nipate mabua marefu, niwahi kurudi. Uvivu. Maji yakaingia visikini, mizizi ikaoza. Nimeiua mwenyewe.
Naogopa.

Jumanne, 14 Juni
Nimetembea mpaka bonde la Kipalapala. Ndago changa, hazijatoa hata ua. Nimekata hivyo hivyo. Juani zimejikunja kama mikia ya mbwa. Mama Mwajuma kazipapasa, kanirudishia.
"Hizi katandikie mbuzi."
Hana nguvu ya kunitukana zaidi. Hilo ndilo baya.

Ijumaa, 17 Juni
Kafa alfajiri. Kazikwa baada ya swala ya Ijumaa. Mkeka wake umemfunika mpaka magotini. Miguu nimeifunika na wa dukani.

Jumatatu, 20 Juni
Nyumba kimya. Nimekunywa uji wa baridi. Wafiwa wenzangu bado wanautukana mfereji.
Yakobo, mrina asali wa Kipalapala, kaja kunipa pole. Mwaka jana alipita mbugani, akaniona nilivyokata. Leo kanishika mkono, hauachi.
"Pole, mzee. Na mbuga nayo, pole yake."
Kisha akauachia, akaketi kula na wafiwa.
Yakobo, siku ile uliporina mzinga wa baba mkwe wako, nani alikufichia? Nifichie nami. Mpaka arobaini ipite tu.