Siku Tuliyofyeka Ngitili kwa Ajili ya Wageni

Basi wakaifyeka ngitili yote ya upande wa barabarani, tena wakaifagia. Kwa furaha kabisa. Wageni wanakuja toka nchi kubwa kubwa za dunia, utawaonyeshaje pori?

Leo Alhamisi, kiangazi kimekolea, vumbi limenikaa mpaka kwenye meno. Mimi nasema, mkwe wangu Mama Neema anaandika kwenye simu, maana shule niliiona kwa nje tu nikipita na ng'ombe. Yeye binti wa Kalangalala, Geita mjini, vidole vyake vina mbio. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshe.

Nasema ili nisikae kimya. Huko bondeni mashine ya kuchimba kisima inanguruma tangu asubuhi, na sisi tumekatazwa kusogea. Maji yapo au hayapo, leo tutajua. 

Ngitili, kwa wewe unayesoma toka mbali, ni eneo la majani tunalolifunga. Mvua zikinyesha hakuna kulisha humo, hakuna kukata mti, hata vijana wa machimbo ya Bugarama waje kuomba matimba ya kushikilia mashimo yao. Tunasubiri kiangazi, ndipo wazee wanafungua kidogo kidogo, wanaanza ndama na ng'ombe wagonjwa. Marehemu mume wangu akipita pembeni ya ngitili alikuwa anavua kofia kama yuko kanisani, na kanisani kwenyewe haendi. Huyo nitamsema siku yake.

Turudi kwa wageni.

Redio ilisema nchi zenye uchumi mkubwa zimekaa pamoja, zimekubaliana maendeleo yasimwache mtu nyuma na yasiimalize ardhi. Nikacheka. Redio nimeisikiliza miaka mingi, inasema mengi. Haikupita muda, Mwenyekiti wetu wa kijiji, Maduhu, akaitwa wilayani, akarudi anatembea kama amevaa viatu vipya. Wajumbe wa nchi hizo wanatafuta vijiji vinavyotunza ardhi yao, wavichimbie visima virefu vya pampu ya jua. Wanakuja kuiona ngitili yetu.

Sasa Maduhu ni mtu wa usafi. Kwake hata kuku wanaona aibu kunya uani. Akawaza nyoka, akawaza upupu, akawaza wageni na suruali zao. Akaita vijana, ngoma ikapigwa, wakafyeka kwa mstari kama wanalima shamba la baba mkwe. Hakuna aliyekumbuka kwamba wageni wanakuja kuona hayohayo majani. Hata mimi nilipeleka ufagio. Sisi tukisikia mgeni, mkono unatafuta ufagio wenyewe.

Jioni mzee Jilala, mkubwa wa wazee wa ngitili, akarudi toka msibani Nyahanga. Akasimama, akatazama. Akaokota bua moja akalitafuna.

Ndipo tukaelewa.

Kesho yake wageni hao. Mjerumani mrefu, mama wa Kibrazili mwenye kicheko kikubwa, dada wa Afrika Kusini, na Mhindi. Siyo Mhindi wetu wa duka la Kahama, yule anaongea Kisukuma kunishinda. Huyu wa India kabisa. Alishafundishwa kusema mwangaluka, ambayo ni salamu ya asubuhi, akaisema mpaka jua linazama. Tulimwitikia tu, mtu amejitahidi.

Mjerumani akauliza majani yako wapi. Maduhu akajibu kifua mbele kwamba tumewasafishia. Mkalimani alimeza mate kwanza ndipo akatafsiri.

Mimi nilikuwa pembeni nachemsha michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, nikakiona kisima kinaondoka. Toka niolewe nachota lambo, tunagawana maji na ng'ombe, na ng'ombe ndio wanaotangulia. Goti langu la kushoto linaijua ile njia kuliko mimi.

Sasa kwetu kuna sheria. Anayeigusa ngitili kabla haijafunguliwa, wazee wanakaa, anatoa mbuzi. Hata kama ni bahati mbaya. Lakini huyu ni Mwenyekiti, na wageni wapo, aibu. Wazee wakawa wanatazamana, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Na mwanamke kwenye kikao kile kazi yake ni kuleta maji ya kunawa.

Mdomo wangu ukanitangulia.

"Mwenyekiti naye atoe mbuzi, kama alivyotoa Masanja wangu."

Masanja ni mwanangu, mume wa huyu anayeandika. Ndama wake aliingia ngitili mara moja tu, tukatoa mbuzi, sikulala kwa hasira. Mama Neema anacheka hapa, mbuzi mwenyewe alikuwa wake.

Kabula akanivuta kitenge. Kabula ni mke mwenza wangu, tuliolewa na mwanaume mmoja, na toka ujana kazi yake ni kunivuta kitenge nikiongea.

Mzee Jilala akatema lile bua, nafikiri alilala nalo. Akasema, "Mama Masanja amesema. Mbuzi aje."

Maduhu akainama. Halafu mabega yakaanza kumcheza, kumbe anacheka. Akaenda kwake, akarudi anamvuta beberu mweupe aliyekuwa anamnenepesha kwa ajili ya Krismasi, akamkabidhi kwa wazee mbele ya watu wote. Yule mama wa Kibrazili alipotafsiriwa akacheka mpaka akashika mti. Mjerumani anaandika tu, anaandika tu. Kumbe walichokuja kutafuta ni kujua kama sheria yetu inamshika kila mtu, na wamemwona Mwenyekiti mwenyewe ameshikwa, na mbuzi wake wakamla.

Dada wa Afrika Kusini akauliza mimi niko kamati gani. Wazee wakakohoa. Akasema kwa makubaliano ya hizo nchi, kamati ya kisima nusu iwe wanawake, isipokuwa hivyo hakuna kisima. Nikamwambia mimi sijui kusoma. Akasema ufunguo wa kisima hausomwi, unashikwa.

Basi tukaingizwa kwenye kamati, ufunguo naushika mimi na Kabula. Kisima bado, ufunguo bado, ila tumeshagombana nani ataulaza kwake.

Wakati wa kula wageni walibishana. Huyu anataka pampu hivi, yule anataka vile, mkalimani akachoka akabaki anakula nyama. Watu wakaanza kunong'ona, hawa hawapatani, watatuacha hewani. Mimi sikuogopa. Nimeishi uke wenza. Mimi na Kabula hatujawahi kupendana sana, lakini siku ya njaa mimi naleta unga, yeye mboga, na watoto wake na wangu wanakula sinia moja. Kupendana tutafute baadaye. Nikaona na hawa ni wake wenza: mmoja pampu, mwingine vioo vya jua, mwingine mashine ya kuchimba, na sisi kuchimba mtaro na kuitunza ngitili.

Tulipomaliza kuvuna pamba habari ikaja, tumechaguliwa. Nilicheza mpaka goti likanilaza siku mbili. Yale majani yaliyofyekwa mzee Jilala alitufungisha mizigo, ndama wanakula mpaka leo, hakijapotea kitu. Na ngitili yenyewe imeanza kuchipua palepale walipofagia, tena bila mvua, sijui...

Ngoja. Mashine imenyamaza.

Imenyamaza kweli, au masikio yangu? Fundi alisema akipata mwamba mtupu atafungasha aondoke. Mungu wangu. Mama Neema, andika kwamba nilikuwa na furaha hata kabla ya kujua. Kwamba lile sinia moja lilinitosha. Hapana, usiandike, nadanganya. Nayataka maji.

Huyo nani anakimbia? Kabula. Kabula na miguu yake ile, kitenge kimemdondoka begani, anaita toka njiani.

"Mama Masanja, toka huko ndani. Njoo na ndoo."

Weka simu, mwanangu. Ndoo kubwa iko wapi?