Okeyo Hakuvuka Mpaka

Masara, Migori
Jumapili, baada ya mvua

Nyamera Rispa, dada yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, aliyetulinda tangu tukilala mkeka mmoja kwa mama. Mgongo wako unaendeleaje? Yale macho uliyapeleka tena Homa Bay, au bado unasema foleni ni ndefu? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa? Mimi nipo, kwa neema. Miguu imevimba mpaka viatu vyangu vimebaki vya kutazamwa tu, na daktari wa Migori ameacha kunipangia siku ya kurudi. Mwanangu Atieno ananitunza vizuri, ingawa ananifokea utadhani yeye ndiye aliyenizaa. Jana alininyang'anya chumvi mezani. "Baba," akasema, "kama ni kufa, si kwa chumvi yangu." Nilicheka mpaka nikakohoa.

Utashangaa kupata barua, tena ya Kiswahili. Simu nimejaribu. Wiki iliyopita uliponipigia kunieleza kwamba wazee wamemkatalia mwanao Omondi kuanzisha dala, boma lake mwenyewe, nilifungua kinywa mara mbili. Ukaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, tukaagana. Nilijaribu pia kuandika kwa Dholuo, nikararua karatasi tatu, maana kila neno lilikuja na sauti ya mama. Kiswahili nilikufundisha mimi mwenyewe darasani. Ndani yake naweza kukaa wima nikasema ninalotaka kusema.

Rispa, mume wako alikufa. Okeyo alikufa Ijumaa ile shimo la dhahabu lilipoporomoka, miaka kumi na miwili iliyopita, na mimi nimejua tangu saa hiyo.

Keti kwanza. Kama Omondi yuko karibu, mwite akae nawe, kisha endelea kusoma, kwa sababu yanayobaki ni yako kuliko yangu.

Unakumbuka kwamba nilipostaafu ualimu nilipata kazi hapa machimboni, kuandika majina. Mtu akishuka shimoni ninamwandika, akipanda ninatia alama. Mimi ndiye niliyemwita Okeyo aje, mahindi yenu yalipokauka. Ijumaa ile alipanda mapema ili Sabato imkute kwako Rangwe. Nikatia alama. Akaoga nyuma ya kibanda, akavaa shati jeupe, akachukua mfuko wake, akaanza kuaga. Wanawake waliokuwa wakiponda mawe wakaanza kumtania.

"Shemeji, umenukia hivyo, unaenda kwa mke au unaenda kuoa?"

"Nikioa mwingine," akawajibu, "Rispa atanizika mwenyewe, hata mchungaji hatamsubiri."

Wakaenda mtoni kuosha mawe wakicheka, tukabaki wawili. Hapo nikakumbuka kurunzi yangu. Nilikuwa nimewaazima vijana wawili waliokuwa bado chini, nami niliitaka kwa ibada ya kufungua Sabato.

"Shemeji, shuka mara moja uniletee kurunzi."

"Mwalimu, nimeshaoga."

"Ni dakika tano."

"Na jua likinizamia nikiwa chini, dhambi ya kuvunja Sabato ni ya nani?"

"Itakuwa yangu."

"Basi usiisahau." Akavua shati, akalitundika msumarini, akashuka akipiga mluzi.

Sikuandika jina lake. Kwa dakika tano niliona ni kupoteza wino. Hazikuisha hata hizo. Nilisikia magogo ya kushikilia kuta yakilia, kisha ardhi ikakaa chini.

Usiku ule ule waliwatoa vijana wawili, wamekufa. Majina mawili, kama kitabu changu kilivyosema. Maji yalikuwa yanapanda, na waokoaji walitoka yakiwa yamewafika kifuani. Nilitaka kusema yuko wa tatu. Nikajiambia hakuna mtu anayeweza kuwa hai mle. Pengine ni kweli, pengine niliogopa tu. Nimejiuliza hilo kila siku. Kesho yake shimo likafukiwa.

Kila mtu alikuwa amemwona Okeyo ameoga na kuaga. Alipokosekana nyumbani, watu wakaanza kusema amevuka mpaka kumfuata mwanamke Tanzania. Maneno hayo sikuyaanzisha. Niliyasikia nikanyamaza, na shati na mfuko nilikuwa nimeshavificha chini ya kitanda changu.

Halafu nikaja kwako. Ulikuwa umeketi mlangoni unamnyonyesha Awuor, na hukunipa hata maji ya kunywa.

"Kaka, umeomba?"

"Nimeomba."

"Mungu amesema nini?"

Nami, mzee wa kanisa, nikakujibu kwamba Mungu amenionyesha Okeyo akirudi, na kwamba ushike ahadi hiyo wala usiiachie. Rispa, Mungu hakunionyesha kitu. Niliona ukipata jibu baya utaniuliza ni nani aliyemtuma chini, na hilo sikuweza kulibeba. Kwa hiyo nikamtia Mungu kinywani maneno yangu mwenyewe.

Wewe ukaishika ahadi ile kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Shemeji zako walipotaka kuzika tunda la yago, kama tunavyomfanyia mtu ambaye mwili wake haukupatikana, uliwafukuza ukawaambia huwezi kumzika mtu ambaye Mungu amesema yu hai. Wakakuita mwendawazimu. Sokoni wakakucheka kama mke aliyeachwa. Na sasa Omondi ni mwanamume mzima, anataka kutoka na shoka lake akajenge, lakini baba hayupo wa kumtangulia na jogoo kama desturi inavyotaka, na baba yake mdogo hawezi kusimama mahali pa mtu ambaye hajahesabiwa kufa. Kijana amezuiwa na uongo wangu. Uliponiambia hivyo kwenye simu, ulimalizia, "Tungoje tu, kaka, Bwana hasahau." Baada ya hapo sikuweza kula siku mbili. Atieno alidhani ni dawa.

Nilimwita mchungaji wetu wa hapa, kijana ambaye bado anajifunza kufunga tai, nikamweleza yote. Nilitarajia aniombee nilale. Aliniombea kweli. Kisha akasema, "Mzee, Mungu amekusikia. Dada yako bado hajasikia." Akaondoka hata kabla ya chai.

Kwa hiyo nisikilize, na hili si la kwangu, liko katika Maandiko ambayo unayajua. Mungu hakukuahidi kwamba Okeyo atarudi. Alikuahidi kuwa pamoja nawe, na hilo amelifanya. Awuor alipolazwa Homa Bay na wauguzi wakatikisa vichwa, alikuwa nawe. Mwaka uliolima peke yako ukiwa na mkono uliovunjika, alikuwa nawe. Nakusihi usimwache kwa sababu yangu. Niliyekudanganya ni mimi, na kwa muda wote huo Yeye hakukudanganya hata siku moja.

Mimi nami nimeegemea ahadi yangu moja, kwamba anayeungama husamehewa. Nimeihubiri miaka mingi kwa sauti kubwa bila kuijaribu. Nilikuwa kama mtu anayesifu daraja akiwa amesimama ng'ambo. Leo nimekanyaga, na limenibeba. Tangu nilipoandika jina la Okeyo katika ukurasa wa kwanza, kifua kimekuwa chepesi. Nimekula ugali na omena, nikaomba kuongezewa, na Atieno akaniangalia kama ameona mgeni. Siogopi tena kulala. Lakini najua kwamba mzigo ninaoutua hapa unaangukia mlangoni pako, na nafuu yangu isikufanye uone kwamba nauchukulia kirahisi. Msamaha wako nauomba, siudai. Ukikaa nao mwaka mzima, au usiponipa kabisa, bado nitakuwa nimesema kweli.

Atieno ndiye atakayekuletea barua hii mkononi. Nimemweleza yote, alilia, kisha akanifokea, kisha akafua shati. Atakuja nalo, pamoja na mfuko. Ndani kuna kitenge cha rangi ya machungwa na madaftari manne ya Omondi. Kulikuwa na mkate pia, huo niliutupa. Wazee wakitaka yago na mchungaji wenu akakataa, zikeni shati, sidhani kama atabisha. Na wale waliokucheka sokoni uwaambie, tena kwa sauti, kwamba hakuna mwanamke yeyote Tanzania. Mume wako alikuwa ameshaoga, Rispa. Alikuwa anakuja nyumbani.

Nisalimie shemeji yako mkubwa, na umwambie alikuwa na haki ya kutukasirikia kwa ajili ya yago. Msalimie mama mkwe wako ambaye amemngoja mwanawe pamoja nawe. Naomba umwambie polepole, akiwa ameshakula. Msalimie Awuor, ambaye hakumjua baba yake. Baba yake alikuwa na mluzi mzuri na utani mwingi. Jirani yako anayekupimia sukari kwa mkopo wa imani, nisalimie pia. Na Omondi mwambie mjomba wake hastahili kuja siku ya kuanzisha dala, hata miguu ingekubali.

Usihangaike kunijibu. Siku nitakayosikia kwamba baba mdogo ametangulia na jogoo mkononi, na Omondi nyuma yake na shoka, nitajua umeisoma mpaka mwisho.

Ni mimi, mtoto wa mama yako,
Zakaria