Mume wangu kapaka rangi ufa ili mdogo wangu asiaibike

Mshauri wetu, shikamoo, na kama mimi ndiye mkubwa basi nisamehe unipokee hivyo hivyo, maana nakusoma kila wiki na leo ni zamu yangu kulia kwako.

Mume wangu ni dereva wa lori letu la kubeba mchanga na kokoto, na mgongo wake ulikuwa umeharibika kwa kurushwarushwa, mpaka akirudi namvua viatu mimi na akisali anasali ameketi kitini, nami nikamlilia Mungu sana, ndipo mdogo wangu wa kiume, fundi wa springi, akaniambia dada acha kulia, nitamtengenezea shemeji kitu, na kweli akahangaika, akakata vyuma, akachomelea, akakosea, akaanza upya, hadi akapata seti yake ya mifuko ya mpira inayojazwa upepo, inakaa kati ya springi na chasi kwa vyuma vya kuishikilia, ili lori likiingia shimoni mfuko ndio uumie na si mgongo wa mtu.

Mshauri, siku ile ya kwanza mume wangu alishuka mwenyewe akasema, "Mke wangu, leo nimepita ile barabara mbovu nikadhani nimepotea njia." Tulicheka mpaka machozi. Sasa anapiga magoti kusali kama zamani, nami kila nikimwona hivyo namwombea mdogo wangu baraka, na ibadani nimesimama nikatoa ushuhuda.

Sasa mdogo wangu anataka kuziuza hizo seti, ametengeneza nyingine zimejaa karakanani, na mwisho wa mwezi wenye malori wanakuja kulikagua lori letu kwa kuwa ndilo lililojaribiwa muda mrefu, anasema, "Dada, nyie ndio ushahidi wangu." Lakini mwosha lori ni mimi, na juzi nikiwa chini na brashi nikaona pale chuma cha kushikilia mfuko kilipochomelewa kuna mstari mwembamba unatoa kutu kama unalia, nikapitisha ukucha, ukanasa. Nikamwita mume wangu. Akatazama, akaenda dukani akarudi na kopo la rangi nyeusi, akapaka.

Nikamwuliza, "Baba watoto, hiyo ndiyo dawa?"

Akasema, "Nyamaza bwana. Huyu kijana kanirudishia mgongo wangu, halafu mimi nimpe aibu mbele ya wateja? Wakishaondoka nitamwambia."

Nikisema namsaliti mume wangu, na nia yake ni njema kabisa, nikinyamaza namwona dereva nisiyemjua yuko mlimani na mzigo, na mdogo wangu akipiga simu anaongea kwa furaha mpaka nasingizia mtandao mbovu nikakata. Naogopa ushuhuda wangu utageuka uongo. Nishike mkono.

Dada wa fundi

JIBU

Dada wa fundi, marahaba, ingawa nadhani sisi ni rika moja; magoti yangu ni shahidi. Nimekuvusha foleni ya barua kwa sababu jambo lako haliwezi kungoja. Kwanza mshukuru Mungu kwa nyumba hiyo. Wengi wanaoniandikia wangeomba waikodi hata kwa siku moja.

Sasa nikugombeze. Unamwonea huruma dereva usiyemjua, aliye mlimani na mzigo. Je, barua yako ilipokuwa njiani, lori lenu lilikuwa wapi? Nani alikuwa kwenye usukani? Baba watoto wako, mama! Mmeihurumia aibu ya fundi mkausahau ule ule mgongo alioupigania.

Lori lisitoke tena. Kabla mumeo hajashika funguo mwambie unampigia mdogo wako, na unapiga yeye akiwa ameketi hapo hapo, hakuna siri wala usaliti. Usianze kwa asante ndefu, kijana atadhani kuna msiba. Sema, "Kuna ufa, njoo na tochi." Yeye ndiye atakayejua kama moto wa kuchomelea haukuingia vizuri au chuma chenyewe ni chembamba, na kama zile zilizojaa karakanani zina ugonjwa huo huo. Hakuna hata moja kuuzwa kabla hajajua. Rangi ikwanguliwe, na aikwangue aliyeipaka.

Siku ya wateja isogezwe mbele, au waje waonyeshwe chuma kilichopasuka kando ya kile kilichoimarishwa. Hilo aamue fundi. Mimi ningekuwa na lori, ningenunua kwake siku hiyo hiyo.

Ushuhuda wako si uongo. Mumeo alipiga magoti, uliona kwa macho yako. Rudi ibadani usimame tena, mshukuru Mungu kwa yale magoti, na safari hii mshukuru na kwa ukucha wako ulionasa.

Ila piga simu kwanza.