Gunia la Kipaimara

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatano

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta ukiwa bado na nguvu za kushika jembe asubuhi na kufundisha katekesi jioni. Je, mguu wa mama umepona? Na korosho za shamba la kijiji, mmeshazipeleka ghalani? Sisi huku ni wazima wa mwili. Rohoni sina utulivu, na ni heri usikie sababu kutoka kwangu kabla hujaisikia kwa wasafiri.

Unalijua duka letu la ushirika, ambalo mimi ni katibu wake siku ambazo sihubiri kanisani. Tulilianzisha Wakristo na Waislamu wa mtaa mmoja, na siku ya ufunguzi nilisema mbele ya wote kwamba imani isiyofika kwenye mizani ya sukari haijafika popote. Walinipigia makofi sana.

Sukari huja mara moja kwa wiki, kilo moja kwa kila nyumba. Kwa kuwa foleni huanza alfajiri na watu wana kazi, kila mmoja huweka jiwe lake mstarini kisha huenda zake. Jiwe huheshimiwa kama mwenyewe. Sijaona aliyethubutu kulisogeza.

Wiki iliyopita yalikuja magunia matatu. Mzee Kasiani, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alikuwa ameniomba nifiche moja stoo kwa ajili ya sherehe ya kipaimara, maana askofu anakuja, na Felista wangu ni miongoni mwa watoto watakaowekewa mikono. Nikakubali. Nilijiambia, Baba, kwamba kilichotengwa kwa ajili ya Mungu hakijaibwa kwa mtu.

Magunia mawili yakaisha, na mawe bado yamejipanga hadi konani. Bi Zuhura, mjane auzaye vitumbua karibu na soko, akachungulia stoo, mlango ukiwa wazi nyuma yangu.

"Mwalimu, na lile je?"

"Lile ni la kanisa, Bi Zuhura."

"Ahaa! Kumbe Mungu wenu hapangi foleni?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla. Mpagazi mmoja akapaza sauti, "Mlanguzi na msalaba shingoni!" Wengine wakaisukuma kaunta hadi ikalia. Mtu akasema mgambo waitwe. Mzee Kasiani, aliyekuwa amekuja na mkokoteni kulichukua gunia, akaninong'oneza:

"Funga mlango wa stoo. Ukilifungua hilo, hutasimama tena kuhubiri kanisani kwetu. Askofu tumpe chai ya chumvi?"

"Na hawa wanywe nini, mzee?"

"Hawa si wa kwetu wote."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo. Nikauondoa. Nikaliburuta gunia hadi mbele, nikakata uzi wake, nikawaambia, "Nimewakosea. Tuendelee na mawe." Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Gunia likaisha kabla ya mawe kwisha, nikalikung'uta mbele yao waone. Waliokosa waliondoka wamenuna, lakini hawakunitukana.

Jumapili Mzee Kasiani akatangaza mbele ya waumini kwamba shauri langu litaamuliwa na wazee Jumamosi hii, na kwamba jina la Felista "limewekwa kando kwanza". Mke wangu haachi kuniuliza: "Ungejitoa wewe, baba Felista. Kwa nini umtoe na mtoto?"

Wazee wamenitumia ujumbe. Wanataka niseme tu kwamba umati ulinishurutisha, basi yatakwisha, na jina la mtoto litarudi. Nimeyapima maneno hayo siku tatu, Baba, na sitayasema. Nitawaambia kwamba kosa langu ni kulificha gunia lile. Kanisa likijijengea akiba juu ya njaa ya jirani, kesho halitakuwa na jirani wa kumhubiria.

Iwapo watamkataa Felista, nakuomba kibali nimlete huko, asimame na watoto unaowafundisha.

Nisalimie mama, na shangazi Melania aliyenilea, na mdogo wangu Bosko aliyebaki kukusaidia shambani. Wakikuuliza kama bado nahubiri mjini, waambie ukweli: kwamba hujui.

Mwanao akupendaye,
Anselmi