Dada Yangu Amekataziwa Mchumba kwa Utumwa wa Zamani

Mama Blandina, shikamoo. Jumamosi iliyopita baba yangu mkubwa, Mzee Abdulhamid, alitamka mbele ya wageni waliokuja kumposa dada yangu Nasreen kwamba kijana wao si kufu yetu, yaani hatulingani kwa nasaba, kwa sababu bibi yake ni mtoto wa mtumwa wa nyumba yetu, na tangu siku hiyo sina raha, naomba unisaidie maana nyumbani hakuna wa kumuuliza ambaye hajachukua upande.

Naitwa Abdulmalik, nina duka la vitenge hapa Kariakoo, baba na mama wameshatangulia mbele ya haki na tumebaki wawili tu, mimi na Nasreen, yeye ni muuguzi huko Upanga, na kijana mwenyewe, Twaha, anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, anaswali, ana adabu, na mimi nilishaanza kumwita shemeji kabla ya wakati. Bibi yake, Bi Kuruthumu, amepita miaka tisini na alizaliwa uani kwetu, katika nyumba hii hii tunayokaa mpaka leo, na tangu nikiwa mdogo namkumbuka akija kwenye kila harusi yetu kupika pilau, halafu watu wakiketi mkekani kula, yeye anakaa na sahani yake mlangoni mwa jiko, na sisi watoto tukimwita Kuruthumu hivihivi, bila Bi wala shikamoo, hakuna aliyetufundisha hivyo na hakuna aliyetukataza.

Siku ya posa alikuja kama bibi wa bwana harusi, amevaa baibui jipya, akaketi na shangazi yangu Maimuna katika chumba cha wanawake, na kati yao na sisi wanaume wa sebuleni palikuwa na pazia tu. Mshenga wao, Mzee Ismail, alipomaliza maneno yake, baba mkubwa aliweka kikombe chini akauliza, "Huyu kijana kwa bibi ni wa nani?" Mzee Ismail akacheka, "Abdulhamid bwana, acha utani wako, Bi Kuruthumu si unamjua?" Baba mkubwa akasema, "Namjua sana, ndiyo maana nauliza. Mama yake alinunuliwa na babu yangu. Sisi hatumuozi mtoto wetu kwa wazalia wetu," na wazalia, kama hujui, ndilo jina la wale waliozaliwa na watumwa wa nyumba, basi Mzee Ismail hakumjibu yeye, alinigeukia mimi, "Abdulmalik, baba, wewe unasemaje?" nami nilikuwa nimeshika sahani ya halua nawazungushia wageni, nikaiangalia ile halua, nikasema, "Mzee ameshasema."

Nyuma ya pazia tukamsikia Bi Kuruthumu akisema taratibu, "Maimuna mwanangu, mimi nilidhani leo nimekuja mgeni," kisha wakamsaidia kuinuka, wakaondoka wote, kahawa yao haijanywewa.

Kesho yake shangazi Maimuna aliniita jikoni, anakuna nazi huku hanitazami, akasema, "Kaka yangu ana mdomo mkubwa na kumbukumbu ndogo. Zafarani unamjua?" Nikasema ni mama yake babu. "Na Faida, mama yake Kuruthumu?" Nikasema si ndiye huyo mtumwa. "Basi walikuwa tumbo moja. Walinunuliwa Kilwa siku moja, wasichana wadogo. Mkubwa, Zafarani, bwana akamfanya suria, akamzaa babu yako. Mdogo akabaki jikoni. Bibi Zafarani nimelala ubavuni kwake, mimi na huyo Abdulhamid, na Faida tulimsikia akimwita dada." Nikamuuliza kwa nini hakusema jana, akanijibu, "Wewe uliyekuwa sebuleni ulisema nini?"

Nilikwenda kwa baba mkubwa nikamweleza, wala hakushtuka, alisema, "Suria si mtu wa jikoni. Mtoto hufuata baba, na baba yetu alikuwa mwana wa muungwana. Ukilitoa hilo nje utakuwa umemvua nguo marehemu baba yako." Nasreen ananisalimia kwa adabu tu, aliniambia, "Kaka, nilikuwa palepale nyuma ya pazia. Kwa baba mkubwa sikutarajia kitu. Nilikutarajia wewe." Sasa Mama Blandina, nikimpinga mzee aliyenilea nitavunja ukoo, nikinyamaza dada yangu anampoteza mtu wake, na nimefikiria niitishe kikao cha ukoo nieleze kwamba Twaha ni damu yetu, hivyo ni kufu, pengine hapo mzee atanyamaza, lakini naogopa, naomba unielekeze.

Abdulmalik, Kariakoo
(Majina yote yamebadilishwa.)

Marahaba, Abdulmalik.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye ile sahani ya halua. Najua kumpinga mzee aliyekulea si jambo dogo. Lakini hapo sebuleni hukuombwa kumpinga. Uliulizwa swali.

Mimi si wa dini yako, kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Nimewauliza mashehe wawili, kila mmoja peke yake: msichana aliyefiwa na baba na babu mzaa baba, walii wake, yaani mwenye mamlaka ya kumwozesha, ni nani? Wote wamejibu kwamba ni kaka yake wa baba na mama, akiwa mtu mzima mwenye akili timamu. Baba mkubwa yuko nyuma yake. Nikawauliza kuhusu kufu. Wakasema hiyo ni haki ya msichana na walii wake, na wawili hao wakiridhia, ndoa inafungwa. Kwa hiyo Mzee Ismail alikugeukia kwa sababu jibu lilikuwa lako. Desturi yenu ya kumwachia mkubwa azungumze ni nzuri, na wageni waliiheshimu. Ila mkubwa huzungumza kwa niaba yako. Wewe ulimwachia na uamuzi, kisha unaniandikia kana kwamba umenyang'anywa.

Sasa tuje kwenye historia, maana baba yako mkubwa ndiye aliyeileta mezani. Wajerumani waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 ni huru. Waingereza wakafuta utumwa Tanganyika kwa sheria mwaka 1922. Bi Kuruthumu amepita tisini na hajafika mia. Hesabu mwenyewe. Hajawahi kuwa mtumwa wa mtu hata siku moja. Kilichomweka mlangoni mwa jiko katika kila harusi si sheria ya serikali yoyote. Ni nyinyi, na wewe umo, ingawa ulikuwa mtoto.

Anasema mtoto hufuata baba. Hapa pwani ndivyo ilivyokuwa. Kwenye mashamba ya Amerika waliamua kinyume chake: mtoto alifuata mama, na bwana aliyezaa na mtumwa wake aliweza kumuuza mwanawe. Roma ya kale, mtumwa aliyeachwa huru kwa taratibu zao aliweza kuwa raia, na watoto aliowazaa baadaye wakawa raia tangu kuzaliwa. Mchukue Zafarani huyohuyo, umpeleke Amerika: babu yako anazaliwa mtumwa, na baba yako mkubwa hana uungwana wa kujivunia sebuleni. Kila mahali kanuni ilitungwa na wenye watumwa, kwa kadiri ilivyowafaa. Anachokiita nasaba ni kwamba dada mmoja aliitwa chumbani na mwingine hakuitwa. Na wala huyo mkubwa hakuulizwa kama anataka.

Sisemi haya nikiwanyooshea kidole watu wa pwani. Mimi ni wa Kilimanjaro. Huko kwetu wapo watawala waliouza mateka wa vita kwa misafara iliyoshuka pwani, na kwenye sherehe zetu hatuwataji hao waliouzwa. Hakuna aliyehifadhi majina waliyokuwa nayo. Hata hawa wa kwenu, Zafarani na Faida, ni majina waliyopewa na mnunuzi. Waliyopewa na mama yao hamyajui, na hamtayajua.

Kuhusu mpango wako wa kikao, usiuitishe. Unataka kuwaambia watu kwamba Twaha anafaa kwa sababu mama wa bibi yake ni ndugu wa Zafarani. Je, angekuwa si ndugu yake? Kijana angekuwa amepungua nini? Ukipita njia hiyo utakuwa umeipokea mizani ya baba yako mkubwa na kuhamisha jiwe tu. Twaha anafaa kwa yale uliyoyaandika mwenyewe kwenye barua: kazi yake, swala zake, adabu yake, na kwamba Nasreen anamtaka. Habari ya wale dada wawili iambieni familia kwa sababu ni kweli, na kwa sababu Bi Kuruthumu ni binamu wa babu yako, ambaye mmemnyima shikamoo maisha yenu yote. Haimvui nguo marehemu baba yako. Aibu ni ya aliyenunua watoto. Naye pia ni wa ukoo wenu, mkubali hivyo hivyo.

Fanya hivi. Leo, kabla ya kitu kingine, muulize Nasreen kama bado anataka kuolewa kwenye familia iliyoondoka kwenu kwa namna ile. Usimjibie. Akisema hapana, liheshimu jibu lake, maana umechangia. Akisema ndiyo, nenda kwa Mzee Abdulhamid wewe na shangazi yako, bila wasikilizaji, umwambie kwa sauti ya chini kwamba wewe, walii, umeamua, na kwamba nafasi yake ya ukubwa kwenye harusi iko palepale kama ataitaka. Usibishane. Akipandisha sauti, ageni mwondoke. Shangazi naye aache kuuliza ulisema nini. Alikuwa na ulimi chumba cha pili.

Halafu mpigie Mzee Ismail. Mchumba akishakataliwa, upande wa kiume haurudi, hiyo desturi naijua. Basi safari hii upande wa kike ndio utakaokwenda. Hamwendi kutoa jibu la posa, mnakwenda kuomba radhi, na wa kwanza kuombwa ni Bi Kuruthumu, kwa shikamoo na kwa jina lake kamili. Siahidi kwamba atakubali. Mtu aliyepita tisini ana haki ya kuchoka na nyinyi, na mkirudi mikono mitupu usiniandikie kulalamika.

Mwombe Mzee Ismail awapeleke kwa Bi Kuruthumu Jumapili hii baada ya swala ya Alasiri. Mwambieni baba mkubwa saa ya kuondoka. Akija, kiti cha mbele cha gari ni chake. Asipokuja, ondokeni saa hiyohiyo.