Namba Tatu Mzima

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Mimi sijambo, ila masikio ndiyo hayo. Miaka thelathini ya kelele za mashine imeyamaliza, ndiyo maana nakuchosha kwa barua wakati baba za wenzako wanapiga simu. Mama yako anaendelea. Mashine yake ya hewa ya kupumulia tumeisogeza dirishani, apate kuwaona wapita njia na kuwasengenya vizuri.

Mlinzi wa getini pale kituoni ameniandikia kwenye karatasi kwamba kituo chetu cha dizeli kinafungwa, na mashine zote tatu zinauzwa chuma chakavu. Tena kwamba mhandisi wa huo mradi wa jua ni wewe. Wewe niliyekufundisha kuegemeza bisibisi kwenye taya usikie injini inaumwa wapi!

Namba Moja na Namba Mbili wachukueni, wamezeeka. Namba Tatu niachieni. Nakuomba.

Baba yako

21 Februari

Shikamoo Baba,

Nashukuru kusikia mnaendelea. Mimi mzima, kazi tele.

Baba, unaukumbuka mwaka ule meli ya mafuta haikuja? Watu tusiowajua walipigana baharini huko mbali, sisi tukakaa gizani siku kumi na moja. Mama alijifungua kwa mwanga wa tochi, na mdogo wangu hakumaliza siku. Wewe ulikuwa kituoni, unaifuta vumbi mashine isiyo na tone la mafuta. Nilikuwa na miaka tisa, na tochi niliishika mimi. Niliapa umeme wetu hautaingoja tena meli ya mtu. Jua halifungiwi bandari.

Kuhusu Namba Tatu, nitaona. Siahidi.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Hii ni barua ya tatu tangu uandike "nitaona", mbili hukuzijibu. Wanunuzi wa chuma wamekuja na tepu, wakawapima wote, hata Namba Tatu, kama watu wanaochonga jeneza.

Unasema jua halifungiwi bandari. Sawa, na hizo betri zimekuja kwa ungo? Zimekuja kwa meli, binti yangu. Mmebadilisha bwana tu, mtumwa ni yuleyule.

Kunyamaza nako ni kujibu. Nimekuelewa. Mama yako anakusalimu. Mimi pia, kwa shingo upande.

Baba yako

6 Mei

Shikamoo Baba,

Nisamehe kimya changu, sikutaka kukupa matumaini hewa. Miezi miwili nimebishana na wakubwa, na jana wamekubali: Namba Tatu habanduki! Betri zetu zikiisha kabisa haziamki zenyewe, hata jua liwake vipi. Lazima mashine nyingine izishtue kwanza, na mashine hiyo ni yeye.

Mwangalizi wake ni wewe. Kila mwezi mwashe, msikilize kwa bisibisi yako, uniandikie hali yake. Walitaka kuleta mkaguzi, nikawaambia baba yangu anatosha.

Cheka basi, mzee.

Mwanao akupendaye

30 Juni

Mwanangu,

Barua yako tuliipata, mama yako alilia kwa furaha. Namba Tatu mzima. Nimemwasha, ameitika mara ya kwanza. Usiwe na wasiwasi.

Baba yako

31 Julai

Mwanangu, sisi hatujambo. Namba Tatu mzima.

Baba yako

31 Agosti

Namba Tatu mzima.

Baba yako

30 Septemba

Mzima.

Baba yako

19 Oktoba

Mwanangu,

Sikuulizi hali. Ulikuwa hapa tukimzika mama yako, na hukunitazama hata mara moja.

Waliokuja kumwasha Namba Tatu wamekwisha kukuambia walichokuta: hana pampu ya mafuta. Niliing'oa mimi, Aprili, wiki moja baada ya wale wa tepu. Nilisema simwachii mchinjaji mnyama aliye hai. Nikaitupa mtoni, pale penye kina.

Barua yako ya Mei ilipofika, nilikaa nayo mezani nikitaka kukuandikia ukweli. Lakini ulikuwa umeandika "baba yangu anatosha." Tangu ile siku ya tochi nilikuwa nalisubiri neno kama hilo, na sikuweza kulirudisha. Nikasema nitatafuta pampu nyingine. Nimeandika kila mahali, haitengenezwi tena. Basi nikaandika mzima, na mwezi uliofuata mzima tena.

Mvua ilinyesha siku tano, betri zikaisha. Siku ya sita jua likawaka kali ajabu, paneli zinameta mlima mzima, umeme hakuna. Hospitalini nako hivyo hivyo. Jenereta yao haikuwa na dizeli, maana tangu watu wahamie pikipiki na magari ya umeme, kituo cha mwisho cha mafuta kimefungwa. Mtungi wa hewa wa akiba ulimfikisha mama yako saa tisa mchana. Jenereta uliyoazima ilifika kesho yake.

Kabla ya kukata roho aliniita kwa mkono. Alisema polepole, nipate kumsoma midomo: "Si uliandika mzima?"

Nijibu, mwanangu, hata kwa matusi.

Baba yako

2 Novemba

Kwa aliyekuwa mwangalizi wa Mashine Namba Tatu,

Mashine hiyo itaondolewa tarehe kumi na tano mwezi huu. Funguo za chumba chake mkabidhi mlinzi wa getini.

Ripoti zako nne ninazirudisha pamoja na barua hii. Kila moja niliiwekea sahihi bila kuja kuangalia, kwa sababu niliujua mkono ulioiandika. Hilo ni kosa langu, na nimewaandikia wakubwa hivyo. La kwako waandikie wewe.

Mhandisi wa Mradi